Naomba ushauri: taa zinafifia gari ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), na betri ni mpya

Habari za jioni wakuu. Gari yangu ni ya familia, viti saba, injini ya petroli cc 1800, toleo la 2012. Wiki ya tatu sasa, nikisimama kwenye foleni usiku taa za mbele zinafifia. Nikikanyaga mafuta kidogo zinarudi. Nikiwasha AC na waipa pamoja, taa nyekundu ya betri inawakawaka na redio inajizima.

Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Nikanunua mpya, siku nne tu tatizo likarudi. Wa pili kachomeka mashine ya kupima ikasoma kodi ya hitilafu P0562, yaani umeme mdogo, anataka nibadili altaneta nzima, ile inayochaji betri.

Kabla sijatoa hela nimepima mwenyewe kwa mita. Gari ikiwa imezimwa volti 12.5, ikiwa sailensa 13.6, nikiwasha taa na AC inashuka hadi 12.3. Nijuavyo ilitakiwa ibaki juu ya 13. Nimefungua boneti, nikakuta waya wa negativu pale unapofungwa kwenye bodi una unga wa kijani, na mkanda unaozungusha altaneta una nyufa, asubuhi unapiga mluzi.

Mliopitia hili, nianze na mkanda na kusafisha huo waya, au kaboni za altaneta (zile brashi za ndani zinazopitisha umeme) ndizo zimeisha? Altaneta ya mtumba inadumu kweli? Jumamosi alfajiri nampeleka mama kliniki Dodoma kutokea Morogoro, na sitaki kabisa tuzimikiwe taa gizani huko Gairo.