Naomba ushauri: kufunga mabawa ya chini ya maji kwenye ngalawa

Assalaam alaykum ndugu zangu, mie nipo Nungwi nna ngalawa ya mwembe futi 20, na tokea niione ile Hydroptère, boti ya tanga ya Ufaransa yenye mabawa kama hayo, iliyopiga noti 51.36 mwaka 2009, yaani kama kilomita 95 kwa saa, chombo kizima kimenyanyuka juu ya maji, sipati usingizi. Najua spidi ikizidi mara mbili bawa linanyanyua mara nne, shida ni kule kuanza, mwembe ukishalowa unakuwa mzito. Nikifunga mabawa ya alumini chini ya marengu (zile mbao za pembeni zinazoelea), matengo, yaani miti ya kukingama inayoyashika, yatahimili? Juzi kusi limevuma, kamba ya tengo la kushoto ikala mti mpaka ikaacha mfereji, nkaogopa kweli. Na maji yakitoka huku miamba tele, sasa hayo mabawa yawe ya kukunja au vipi? Aliyewahi kujaribu anambie tafadhali.