Naomba ushauri: jamvi (sakafu ya zege) la nyumba limenyanyuka, udongo wa mbuga Dodoma

Habari zenu wakuu. Nimejenga pembezoni mwa Dodoma, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi ardhi inapasuka hadi mkono unazama. Mvua za Desemba zikianza inavimba.

Msingi ni wa mawe, kina futi 3, na juu yake mkanda wa zege wenye nondo 4 za milimita 12. Jamvi ni inchi 4 bila nondo, na kifusi cha kujazia chini yake ni udongo uleule tuliochimba. Hapo ndipo naona tulikosea. Ilipaswa kuwa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa. Sasa sebule imenyanyuka katikati, mlango wa chumbani haufungi, na kwenye kona ya dirisha kuna ufa wa mshazari, sarafu ya shilingi 200 inaingia.

Fundi anasema nizibe kwa saruji nipake rangi. Sikubali, mvua zijazo utafunguka tena.

Nafikiria kuvunja jamvi, kutoa udongo futi 2, kujaza moramu, kisha zege lenye nondo lisiloshikana na kuta. Maji ya paa niyapeleke mbali na msingi.

Je, inatosha bila kugusa msingi? Na nianze kiangazi au baada ya mvua? Watoto wanalala humo, naombeni msaada.