Gitaa lenye jina la msanii: unalipia jina au vifaa? Na mkataba wa udhamini uangaliwe wapi?

NyuziSita

Wakuu, habari za muda huu. Nina maswali mawili yanayokaribiana, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

La kwanza: kuna gitaa la umeme la Fender Stratocaster (Strat), toleo lenye jina la mpiga gitaa Eric Clapton, linauzwa mkononi hapa Dar. Bei yake iko juu ya Strat ya kawaida ya Marekani ya umri uleule. Muuzaji anasema ina "busta ndani". Inatofautianaje hasa na Strat ya kawaida, na nikienda kuikagua niangalie nini nisije nikauziwa feki?

La pili: kampuni moja ya nyuzi imewaletea wapiga gitaa wa bendi yetu karatasi ya udhamini. Tunauziwa nyuzi kwa punguzo, sisi tunaweka nembo yao kwenye kurasa zetu na haturuhusiwi kutumia nyuzi za kampuni nyingine kwa miaka miwili. Je, hii ni sawa na mikataba ya wapiga gitaa wakubwa kama Steve Vai, au ni kitu kingine kabisa? Tusaini au tuombe kwanza vitu fulani vibadilishwe?

---

FundiFreti

Mkuu, mimi nianze na gitaa, la mkataba nawaachia wenzangu.

Clapton ilitoka 1988 na ndiyo Strat ya kwanza ambayo Fender waliitoa kwa jina la msanii. Ukiitazama kwa mbali ni Strat tu. Tofauti ziko tatu.

Shingo yake kwa nyuma ina umbo la V laini. Mpigaji anayepitisha dole gumba juu ya shingo ataipenda. Anayeweka dole gumba katikati ya mgongo wa shingo, kama wanaosoma gitaa la klasiki, mara nyingi huona ile V inamchoma. Ishike dakika kumi nzima kabla ya kuamua.

Daraja (sehemu inayoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) ni la trimolo, yaani lina mkono wa kuyumbisha sauti, lakini limezuiwa kwa kipande cha mbao ndani ya uwazi wa nyuma ili lisisogee. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa bendi: uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki hazipandi sauti. Ukiitoa ile mbao ili utumie mkono wa trimolo, jiandae kurekebisha springi, kimo cha nyuzi na intonesheni (usahihi wa noti shingoni kote), kwa sababu daraja litakaa pembe nyingine.

Ya tatu ndiyo inayoipandisha bei: umeme. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) za Lace Sensor, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaweka Vintage Noiseless. Zote hazina ule mvumo wa Strat ya kawaida karibu na taa za jukwaani. Nyuma yake kuna saketi ya betri ya volti 9 inayoongeza masafa ya kati hadi desibeli 25. Nobu ya kwanza ni ya ukubwa wa sauti. Ya pili ni TBX, ina kijishikizo katikati: chini ya hapo inafanya kazi kama toni ya kawaida, ukiivuka inafungua masafa ya juu. Ya tatu ndiyo hiyo "busta".

Ukiifungua busta yote, sauti inanenepa na kuisukuma amplifaya kama gitaa lenye hambaka (pikapu ya koili mbili). Kwa solo za rumba au dansi zinazotaka sauti safi na ya kung'aa, ukipita robo ya nobu unaanza kuzama kwenye sauti ya rithim. Kwa mpigaji wa aina hiyo, saketi hii analipia bure na Strat ya kawaida inamtosha. Kwa anayepiga bluzi, roki au gospo yenye solo ndefu, ina thamani yake.

Sasa ukaguzi. Saini iliyopo kwenye kichwa cha gitaa isikushawishi, ni stika na feki zinayo. Angalia umeme. Chomeka kwenye amplifaya safi, toni katikati, busta sifuri, kisha ipandishe taratibu. Sauti inene hatua kwa hatua bila kukatika wala kukwaruza. Ikiwa nobu ya tatu inapunguza ukali tu kama toni, hakuna saketi ndani. Halafu fungua vile viskurubu viwili vya kibati cha jeki na uchungulie: jeki ya gitaa la betri ina miguu mitatu ya kuunganishia waya, ya kawaida ina miwili. Mwisho omba pikigadi (kibao cha plastiki cha mbele) ifunguliwe uione bodi ya saketi. Muuzaji akikataa hilo, ondoka.

Na jambo moja la kukumbuka ukishainunua: sauti yote inapita kwenye ile saketi. Betri ikifa, gitaa linafifia, linakoroma, kisha linanyamaza. Betri mpya ya alkalini husoma juu kidogo ya volti 9. Ikishuka hadi karibu 7 ibadilishe bila kungoja, na usiache waya umechomekwa usiku kucha.

---

Mrabaha

Swali la pili. Ndugu, hiyo karatasi na mkataba wa Vai ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote huitwa udhamini.

Ngazi ya chini ni hiyo yenu: bei ya msanii. Kampuni haikulipi, unanunua kwa punguzo. Juu yake kuna vifaa vya mkopo, gitaa linabaki mali ya kampuni na unalirudisha mkataba ukiisha. Kisha vifaa vya bure kwa idadi maalum kwa mwaka. Juu kabisa ndiyo gitaa lenye jina lako, ambapo kampuni inakodi jina, saini na sura yako na kukulipa mrabaha kwa kila gitaa linalouzwa.

Watu wengi huumia kwenye mrabaha kwa sababu husoma asilimia na hawasomi ni asilimia ya nini. Chukua mfano wa kubuni: gitaa dukani ni shilingi 1,000,000, kiwanda kinamuuzia muuza duka kwa 600,000, mrabaha ni asilimia 5. Yakiuzwa 100, mrabaha wa bei ya dukani ni 5,000,000. Mrabaha wa bei ya jumla ni 3,000,000. Na mkataba ukisema "mauzo halisi", hapo hutolewa kwanza yaliyorudishwa, punguzo la wauzaji, wakati mwingine na usafirishaji. Kama kampuni iko nje, uliza pia kodi inayokatwa huko huko kabla fedha haijatumwa. Bila kipengele cha kukuruhusu kukagua hesabu zao angalau mara moja kwa mwaka, utapokea watakachokuambia.

Kingine ni matoleo yanayozaliwa na gitaa lako. Kampuni ya Ibanez walitoa gitaa la JEM la Vai mwaka 1987, na mwaka huohuo RG550 iliyotokana nayo, freti (vyuma vya shingoni) 24 na trimolo aina ya Edge vilevile, bila tundu la kushikia kwenye mwili wa gitaa na bila jina la Vai. RG ikawa familia kubwa kuliko JEM yenyewe. Sijui mkataba wa Vai ulisemaje na hilo si la kubahatisha. Ila wewe ukifika ngazi hiyo, andikisha kama mrabaha unagusa "modeli nyingine zinazotumia muundo huu" au unaishia kwenye jina.

Sasa yenu ya nyuzi. Punguzo peke yake halistahili kukufunga miaka miwili. Ombeni haya:

Muda uwe mwaka 1, na kila upande uweze kuvunja kwa notisi ya siku 30. Katazo liwe la *kutangaza* nyuzi za mshindani, lisiwe la kuzitumia, maana nyuzi zao zikikosekana mjini bendi haiwezi kusimama. Idadi ya machapisho itajwe, kwa mfano 2 kwa mwezi, isiandikwe "kadiri itakavyohitajika". Picha na video zenu watumie wakati mkataba ukiwa hai tu, na waziondoe ndani ya muda uliotajwa ukiisha. Pia seti iandikwe: kama mnapiga 10-46 (unene wa nyuzi), iwe 10-46, msije mkaletewa 9-42 zilizobaki stoo.

Tena kila mpigaji asaini kwa jina lake. Bendi ikisaini kama bendi, anayehama anaondoka na utata.

---

BesiYaZamani

Mrabaha amesema vizuri, ila kwenye muda namuongezea: umuhimu wa kipengele cha kutoka ni mkubwa kuliko asilimia. Historia ya magitaa haya inaonyesha hivyo.

Mpiga gitaa Les Paul na kampuni ya Gibson walitoa gitaa lenye jina lake mwaka 1952. Mwaka 1961 Gibson wakabadilisha umbo kuwa lile jembamba lenye pembe mbili, na kufikia 1963 jina lake likaondolewa, umbo likaendelea kuuzwa kama SG. Les Paul ya umbo la zamani ikarudi 1968. Yaani umbo ni la kiwanda, jina ni la mtu, na vinaweza kuachana.

Mpiga gitaa Eddie Van Halen alilitumia hilo vizuri. Gitaa lake na kampuni ya Music Man lilitoka 1991. Alipoondoka miaka ya katikati ya tisini, Music Man wakaendelea kulitengeneza kwa jina Axis. Alipokwenda kampuni ya Peavey akaliita gitaa Wolfgang, jina la mwanawe. Alipoachana nao mwaka 2004 akaondoka na hilo jina, na leo liko chini ya chapa ya EVH kwa ushirika na Fender. Kwa hiyo msanii akiulizwa gitaa liitweje, asikubali jina litakalosajiliwa na kampuni kama alama yao ya biashara.

Kingine cha kujua kwa mnunuzi: jina la msanii halihakikishi kwamba muundo ni sahihi. Les Paul za 1952 zina daraja la trapizi la muundo wa Les Paul mwenyewe, lililokusudiwa nyuzi zipite juu ya fimbo. Kiwanda kikafunga shingo kwa pembe ndogo mno, nyuzi zikawa juu, ikabidi zipitishwe chini ya fimbo. Matokeo yake huwezi kuweka kiganja juu ya daraja kuzima nyuzi. Mwaka uliofuata wakabadilisha daraja.

Na jina moja linaweza kubeba magitaa mawili. Gitaa la PRS Silver Sky la mwanamuziki John Mayer (2018) linatengenezwa Maryland, Marekani, na fretibodi yake (ubao wa shingo wenye freti) ina mpindo wa inchi 7.25; namba ikiwa ndogo, ubao umepinda zaidi. SE Silver Sky (2022) inatoka Indonesia na mpindo ni 8.5. Mpindo mkali wa 7.25 ni raha kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), lakini ukishusha nyuzi chini sana halafu ukakunja uzi (kuuvuta pembeni ili sauti ipande) kwenye freti za juu, sauti inakatika kwa sababu uzi unagusa freti za katikati. Kwa mpigaji anayekunja sana na kutaka nyuzi za chini, SE inaweza kumfaa kuliko ile ghali. Soma vipimo kwanza.

---

NyuziSita

Nawashukuru sana. Nimeenda kuiona. Busta inafanya kazi vizuri na bodi ipo, ila muuzaji amekiri jeki ilibadilishwa na mafundi, na betri "inaisha haraka". Jeki niliyoiona ina miguu miwili. Ni tatizo la kuacha gitaa? Na kuna mtu ameniambia bora niagize mpya kutoka nje, itatoka kwa bei hiyohiyo.

---

Mrabaha

Kuhusu kuagiza, piga hesabu ya gitaa, usafiri, bima, ushuru wa forodha, na VAT juu ya jumla hiyo (18% Tanzania, 16% Kenya). Hata vifaa vya bure kutoka kwa mdhamini huthaminiwa forodhani. Ankara ya sifuri haipiti, kwa hiyo mdhamini aandike thamani halisi na mkataba useme nani analipa. Kama fretibodi ni mbao ya rosewood, magitaa yaliyokamilika hayahitaji tena kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu mwishoni mwa 2019, isipokuwa rosewood ya Brazil.

---

FundiFreti

Jeki ya miguu miwili ndiyo inayomaliza betri, na dawa yake ni ndogo. Kwenye jeki sahihi ya stirio, mguu wa ncha unabeba sauti, mguu wa pete unapokea waya mweusi wa betri, na wa tatu ni ardhi. Plagi ya kawaida ya gitaa ikiingia, chuma chake kinaunganisha pete na ardhi, betri inawaka. Ikitoka, inazimika. Fundi aliyeweka jeki ya miguu miwili alilazimika kuufunga ule waya mweusi moja kwa moja kwenye ardhi, hivyo saketi inawaka usiku na mchana.

Nunua jeki ya stirio ya robo inchi, ya chuma, iliyo wazi. Toa betri kwanza. Ng'oa waya mweusi wa betri kwenye ardhi na uulehemu kwenye mguu wa pete. Waya wa sauti kwenye ncha, ardhi mahali pake. Kabla ya kufunga kibati, weka mita kwenye alama ya mlio, gusa pete na ardhi: isilie bila plagi, ilie plagi ikiingia. Ikilia nyakati zote mbili, mguu wa pete umeinama na kugusa kibati, uunyooshe.

Kisha rudisha betri kwa kuvalisha upande mmoja tu wa klipu, na mita ya miliampea ipite kati ya upande wa pili na betri. Plagi ikiwa nje isome sifuri. Ikisoma sifuri, mwambie muuzaji apunguze bei ya jeki na kazi ya fundi, na ulichukue.