Msimamizi amerudisha nadharia yangu ya familia, naombeni ushauri kabla sijaingia uwandani Mbagala

Binti_wa_Tandika

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasoma sosholojia mwaka wa tatu hapa Dar. Utafiti wangu ni nafasi ya familia katika malezi ya watoto wa shule ya msingi, na eneo ni Mbagala, mitaa ya jirani na Rangi Tatu. Pendekezo nililijenga juu ya uamilifu, yaani nadharia inayoitazama kila sehemu ya jamii kwa kazi inayoifanyia jamii nzima. Msimamizi amelirudisha na swali moja tu pembeni: "Hii ni familia ya nani?"

Nilivyoelewa mimi, mwanaanthropolojia wa Marekani Murdock mwaka 1949 alilinganisha jamii 250 akasema familia ipo kote, na ina kazi nne: kuratibu mahusiano ya kimwili, uzazi, uchumi na elimu. Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, kwenye kitabu alichoandika na mwenzake Bales mwaka 1955, akasema viwanda, shule na serikali vikishachukua kazi nyingine, familia inabaki na mbili kubwa: kumlea mtoto mpaka maadili ya jamii yawe yake, na kumtuliza mtu mzima anaporudi na misukosuko ya kazini. Baba alete riziki, mama ashike malezi na hisia. Nilipenda kwa sababu ni rahisi kuigeuza kuwa dodoso.

Nikaenda kulijaribu hilo dodoso. Mama mmoja anauza chapati, anatoka alfajiri. Mume yuko Mtwara, hutuma hela kwa simu ikipatikana. Tuisheni analipa mjomba anayekaa Chanika. Mtoto anakula kwa bibi, chumba cha uani, na hesabu anafundishwa na mpangaji ambaye si ndugu kabisa. Nilipouliza mkuu wa kaya ni nani, bibi na mama wakajibu tofauti, wakatazamana. Nyumba ya pili mtoto yuko kwa shangazi, wazazi wote wazima, wako Lindi. Dodoso langu liliwatia wote kwenye kisanduku cha "familia isiyo kamili". Mimi mwenyewe nimelelewa na shangazi. Iliniuma kuandika vile, maana kwetu hakikupungua kitu isipokuwa hela.

Niache uamilifu niende kwa wafuasi wa Marx au watetezi wa haki za wanawake? Au mada yenyewe haifai?

Mzee_wa_Keko

Marahaba binti. Mada usiibadilishe, hiyo ndiyo mada yenyewe.

Parsons alikuwa anaieleza Marekani, hasa tabaka la kati baada ya vita ya pili. Baba ofisini, mama nyumbani, nyumba ya watu wanne mbali na wajomba. Kama maelezo ya mahali na wakati, yana thamani yake. Ubaya unaanza tunapoyafanya kipimo cha kumpimia mtoto wa Mbagala. Na kumbuka hata huko kwao alipingwa mapema. Watafiti wa Uingereza Young na Willmott mwaka 1957 waliandika juu ya Bethnal Green, mashariki mwa London, wakaonyesha mabinti walioolewa wanaonana na mama zao karibu kila siku na ndugu wanasaidiana mtaa kwa mtaa. Mwaka 1960 Litwak, mwanasosholojia wa Marekani, akasema familia pana haifi kwa sababu ya mji, inabadilika: ndugu wanakaa mbali ila msaada unaendelea kupita. Soma Litwak halafu rudi kwa yule baba wa Mtwara na simu yake.

Murdock naye hakuachwa. Mwanaanthropolojia Kathleen Gough mwaka 1959 aliwaandika Wanayar wa kusini mwa India, ambako desturi yao ya zamani ilimweka mtoto ndani ya nyumba ya ukoo wa mama, chini ya wajomba, na mume hakai humo. Huna haja hata ya kwenda India. Wazaramo, wenyeji wa huu mji, pamoja na Waluguru wa Morogoro, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti yake. Umeuliza kabila la yule mjomba wa Chanika? Pengine wewe umemwandika kama mtu aliyeziba pengo la baba, kumbe anafanya kazi aliyozaliwa nayo.

Mkaidi_Ubungo

Mzee nakuheshimu, lakini msimvunje moyo akatupa uamilifu wote. Swali la "familia inafanya kazi gani" bado ni zuri kuliko mengi. Kilichokosewa ni kuamua mapema nani lazima aifanye. Tenganisha hayo mawili na pendekezo lako litasimama.

Mfano: tangu 2016 serikali ilipoondoa ada mpaka kidato cha nne, Parsons angesema kazi ya elimu imehamia kwa dola. Sasa uliza nani ananunua sare, nani anatoa nauli ya daladala, nani analipa hiyo tuisheni. Kazi imehama nusu, na nusu iliyobaki imewaangukia ndugu. Hiyo peke yake ni sura nzima.

MamaWawili_Tabata

Mdogo wangu, kuna mtu hayumo kwenye maelezo yako wala ya hao wazee: dada wa kazi.

Mimi naamka saa kumi na moja, naondoka, narudi giza limeingia. Wanangu wanaogeshwa, wanalishwa na kubembelezwa na binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Singida. Ana mtoto wake, amemwacha kwa mama yake kijijini. Kwa hiyo malezi ya Tabata yanabebwa na bibi wa Singida ambaye hatumjui hata sura. Mwanasosholojia wa Marekani Hochschild ameeleza minyororo ya namna hii, wanawake wanaovuka mipaka ya nchi kulea watoto wa wengine huku wa kwao wamewaacha nyuma. Kwetu mnyororo unapita ndani ya nchi, kwa basi la mkoani.

Na usikubali neno "malezi" likafunika neno "kazi". Mwanasosholojia wa Uingereza Ann Oakley mwaka 1974 alichapisha utafiti wake wa mama wa nyumbani 40 wa London, akaitazama kazi ya nyumbani kama kazi nyingine yoyote. Kwa wastani ilikuwa saa 77 kwa wiki. Nenda na saa Mbagala. Nataka sana kujua bibi wa uani anafanya ngapi.

Wakili_Temeke

Naongezea upande wa mali, kwa sababu upendo wa ukoo hupimwa siku arobaini ikishapita. Engels, mwenzake Marx, mwaka 1884 alidai ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ilipata nguvu ili mwanaume ajue mali inarithiwa na damu yake. Historia aliyoitumia imepingwa sana, ila swali lake nakutana nalo kazini kila wiki: nyumba ni ya mjane na watoto, au ya kaka za marehemu?

Tazama pia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, kinachohusu kugawana mali ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Alichokuwa anakidai Oakley kuhusu kazi ya nyumbani, mahakama zetu zimelazimika kukijibu kwa shilingi.

Binti_wa_Tandika

Nawashukuru sana. Sasa nabaki na dodoso. Nikiacha "baba yupo/hayupo" na "mkuu wa kaya", nitauliza nini?

Afisa_Ustawi_mstaafu

Anza na mtoto, usianze na nyumba. Jana nani alimwamsha? Alikula wapi asubuhi, mchana, usiku? Nani alikagua daftari? Mara ya mwisho alipougua, nani alimpeleka zahanati na nani alilipa? Anayetaka kumhamisha shule anamwomba nani ruhusa? Chora majibu kwa mishale, ya chakula, ya hela, ya amri. Mtaalamu wa Uingereza David Morgan mwaka 1996 alihimiza tuitazame familia kwa yale watu wanayoyafanya kila siku, na hapo ndipo unapoweza kusimama mbele ya msimamizi wako.

Lakini nakuomba kitu kimoja kwa uzito. Usije ukaitoa "familia isiyo kamili" ukaweka familia pana iliyo njema mno. Katika kazi yangu nimekutana na watoto waliopelekwa kwa ndugu mjini "wasome", wakaishia kuchota maji na kuuza barafu huku watoto wa nyumba wakiwa darasani. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliifanya familia pana ya Kiafrika kuwa msingi wa ujamaa, na mwaka 1967 mwenyewe akaandika kwamba jadi hiyo ilikuwa na kasoro, mojawapo ni hali ya wanawake. Kwa hiyo weka swali linaloonyesha kama mtoto wa ndugu na mtoto wa nyumba wanalala sawa, wanakula sawa, wanakwenda shule sawa. Shangazi yako alikutendea mema, mshukuru. Si kila shangazi.

Binti_wa_Tandika

Nimekusikia mzee wangu, swali hilo naliingiza, hata kama litaniuma. Uamilifu nauacha kama swali la kazi zinazofanyika, Litwak kwa hela na umbali, na mama wa Tabata amenipa sura ya kazi isiyolipwa. Mali na mirathi nadhani ni utafiti wa mtu mwingine, Wakili unisamehe.

La mwisho: dada wa kazi nimhoji vipi kama bosi wake ndiye amenikaribisha ndani?

MamaWawili_Tabata

Usimhoji mbele ya bosi, atakujibu yanayompendeza bosi. Omba ruhusa kwa wote wawili, halafu mkae peke yenu, tena saa ambayo hana sufuria jikoni. Muulize kwanza kama mwenyewe anataka. Akikataa, basi.

Afisa_Ustawi_mstaafu

Na umri wake uujue kabla ya kuanza. Akiwa chini ya miaka 18, ridhaa yake peke yake haitoshi, fuata utaratibu wa maadili wa chuo chako. Barua ya utambulisho ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa mapema, wasije wakakukuta mlangoni kwa watu.