Binti ana uoni hafifu, yuko kidato cha pili na anataka sayansi. Shule inasema macho hayaruhusu

MamaBinti_Moro

Habari zenu wadau. Naomba walimu wa elimu maalumu na yeyote aliyepitia hili anishauri.

Nina binti wa miaka 16, ana ualbino, anasoma shule ya kata ya kutwa hapa Morogoro. Hata akikaa dawati la mbele kabisa, ubaoni anaona mkono wa mwalimu unavyotembea tu, maandishi hayasomi. Miwani anayo, ila daktari alituambia mapema kwamba itamsaidia kwa kiasi, kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho haikukomaa vizuri tangu tumboni. Na macho yake yanachezacheza. Ili yatulie, huinamisha kichwa kushoto akakutazama kwa pembeni. Mwaka jana mwalimu mmoja alimtoa nje kipindi kizima kwa kuwa "anamwangalia kwa dharau". Saa sita mchana, mtoto mwenye ualbino, nje juani! Alirudi nyumbani shingo imebabuka. Nilikwenda shuleni tukayamaliza, lakini kila nikikumbuka roho inaniuma.

Anavyosoma ni hivi. Mchana anasikiliza tu. Jioni anaazima daftari la rafiki yake ananakili, uso ameuinamisha hadi pua inagusa karatasi. Akimaliza, saa nne au saa tano usiku, ncha ya pua ina wino wa bluu. Kwa mtindo huo huo muhula uliopita alipata B ya Biolojia na B ya Kemia. Hisabati ndiyo inamwangusha, kwa sababu mwalimu anasema "hii ukiitoa hapa, ukaipeleka huku, unapata hii", na hiyo "hii" mwanangu haioni.

Sasa mwalimu wa taaluma ameniita. Kaniambia kwa upole kabisa kwamba kidato cha tatu tumpeleke masomo ya sanaa, maabara hataiweza. Binti amelia siku mbili. Anataka kuwa mfamasia.

Maswali yangu: ni kweli maabara hataiweza? Nimhamishie shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona? Na hii karatasi ya mtihani ya maandishi makubwa ninayoisikia, naanzia wapi kuipata?

---

Mwl_wa_Patandi

Pole mama, na hongera kwa kumsimamia. Nilisomea elimu maalumu chuo cha Patandi pale Tengeru, sasa nina miaka 9 kazini.

Naanza na mtihani maana una muda wake. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hisabati ya saa 3 ana saa nzima ya ziada. Lakini lazima hali yake ionyeshwe wakati shule inasajili watahiniwa. Isipoonyeshwa, siku ya mtihani atakutana na karatasi kama za wenzake, na hapo msimamizi hana la kufanya. Nenda kwa mkuu wa shule na cheti cha daktari wa macho, uombe uone kwa macho yako kwamba imeingizwa. Wakikuzungusha, muone afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Wiki hii fanya jambo moja dogo. Nenda stesheneri, waambie wakuchapie aya moja ya Biolojia kwa saizi 14, 18, 20 na 24. Mpe asome, uangalie ni ipi anaisoma bila kuinamia sana. Hiyo ndiyo saizi yake. Iandike, wape walimu wote. Majaribio ya shuleni ambayo tayari yamechapwa kwenye A4 yakuzwe kwenye fotokopi yawe A3. Maandishi ya 12 yanakuwa karibu 17, kwa wengi hiyo tu inatosha.

Na asikatazwe kusogeza karatasi karibu. Kuna walimu wanasema "utaharibu macho". Si kweli, haiharibu chochote. Ubao wenu ukipauka upakwe upya uwe mweusi hasa, na dawati lake liwe mbele katikati, dirisha liwe mgongoni kwake, kwa sababu mwanga mkali ukimpiga usoni hata kile kidogo anachokiona kinapotea. Huyo mwalimu wa "hii" mwombe kwa heshima atamke anachoandika: "mbili eksi jumlisha tatu." Darasa zima litafaidika.

Maabara. Shida kubwa ni kusoma bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia kimiminika, vile vistari vidogo. Weka kadi nyeusi nyuma ya bureti chini kidogo ya usawa wa maji, na apewe kioo cha kukuzia. Chini ya chupa weka kigae cheupe. Kiashiria (dawa inayobadili rangi) cha fenolfthalini kinageuka pinki, wengi wenye uoni hafifu wanakiona vizuri. Kiashiria kingine, methili oranji, ndicho kigumu, ile njano kwenda rangi ya chungwa inachanganya, hapo afanye mazoezi mengi kuliko wenzake. Kwenye mazoezi ya darasani mwenzake anaweza kumsomea kipimo, yeye akafanya hesabu na kueleza. Kwa mtihani wenyewe wa vitendo, shule iulize mapema atasaidiwaje, na ipate jibu kwa maandishi.

Kwa hiyo "hataiweza" ni neno zito mno kwa mtoto ambaye hajapewa hata kioo cha kukuzia.

---

Kijana_wa_Sheria

Shikamoo mama. Mimi nina ualbino, niko mwaka wa tatu chuo kikuu. Nikujibu hilo la bweni, maana nimelala huko miaka minne.

Zuri lake: hakuna aliyenishangaa. Nilikuta wenzangu, nilikuta walimu wanaojua kwa nini nageuza shingo. Baya lake: kitengo kilikuwa cha wasioona kabisa, na sisi wenye uoni hafifu tukawekwa kapu moja nao. Nikafundishwa nukta nundu. Unajua nilikuwa naisomaje? Kwa macho. Nainamisha karatasi kwenye mwanga ili vile vinundu vitoe kivuli, nasoma kivuli. Ilinichosha mara mbili ya kitabu cha kawaida. Nilichohitaji ni maandishi makubwa na muda tu.

Kwa hiyo ukienda kuangalia shule, usiulize tu kama ina kitengo. Uliza: wenye uoni hafifu mnawafundisha kwa kutumia nini? Vitabu vya maandishi makubwa viko wapi, naomba nivione. Na kwa huyu wako ongeza swali: waliosoma sayansi hapa ni wangapi? Kule kwetu hakukuwa hata mmoja. Mimi niliambiwa sanaa ndiyo yangu, sikuulizwa. Sheria naipenda, sijutii, ila nilipenda pia Fizikia na hakuna aliyetaka kujua.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kupewa huduma anazohitaji humo humo. Ukienda kwa mkuu wa shule itaje, taratibu tu, bila ugomvi.

Mwambie mdogo wangu namsalimia.

---

Baba_Kilosa

Wenzangu wamesema ya darasani. Mimi nakumbusha kofia pana na mikono mirefu hata kwenye sare, mwombee ruhusa ya maandishi. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao, ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino mkoani kwenu. Na mstarini asubuhi asimamishwe kivulini.

---

MamaBinti_Moro

Nimerudi wapendwa. Mungu awabariki, sikutegemea.

Stesheneri tulikwenda Jumamosi. Saizi 14 akainama. Saizi 18 akainama kidogo. Ya 24 aliishika mbali, kwenye usawa wa kifua, akaisoma moja kwa moja mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mama, kumbe wenzangu ndivyo wanavyosoma?" Nilishindwa kumjibu, nikajifanya natafuta hela kwenye mkoba.

Mkuu wa shule kanipokea vizuri. Ameahidi majaribio yake yatakuzwa A3, fotokopi nalipia mimi kwa sasa. Usajili amesema atanionyesha, nimeandika tarehe. Mwalimu wa taaluma bado anasita kuhusu maabara, ila amekubali aingie na kidato cha tatu Alhamisi ajaribu kusoma bureti kwa kadi nyeusi. Kadi nimeikata kutoka kwenye boksi la viatu na kuipaka wino mweusi.

Mwalimu wa Patandi, kioo cha kukuzia ninunue cha ukubwa gani? Nimeona vya mara 3 na vya mara 5. Bweni nimeliweka pembeni kwanza.

---

Mwl_wa_Patandi

Usinunue kabla hajakishika mwenyewe, mama. Nenda naye dukani na ukurasa wa kitabu chake. Cha mara 5 kinakuza zaidi lakini kinaonyesha maneno machache kwa wakati mmoja, kwa kusoma kurasa nyingi kinachosha. Mara nyingi cha mara 3 kinafaa kwa kitabu, na hicho cha mara 5 kwa vistari vya bureti. Tupe habari Alhamisi jioni.