Maji ya kuku hayafiki saa nne yakiwa safi, nifanyeje?

Habari wakuu. Nina kuku wa kienyeji 14 uani. Asubuhi naosha drinka, najaza maji safi. Saa nne nikichungulia ni tope, maranda na kinyesi vinaelea. Jogoo ndiye mkorofi, anapanda juu kabisa. Nimeiinua kwa matofali, usawa wa migongo yao, uchafu ukapungua. Ila ule utelezi wa kijani unarudi kila baada ya siku mbili, nadhani kwa sababu drinka ni nyeupe na jua linaipiga.

Mliotumia ndoo zenye chuchu chini (vile vidude ambavyo kuku anavidonoa ndipo maji yatoke), hazivuji? Vifaranga wa wiki tatu wanaziweza? Na mnaosugua kwa jiki, mnasuuza mara ngapi? Naogopa kuwanywesha dawa.