Fundi kaniharibia mota ya handbreki kwa nyaya za betri, halafu kala laki tatu zangu za "kalipa"

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, nikikosea mahali mnisamehe.

Nipo Dodoma, Ilazo, natembelea Tiguan ya 2010. Wenye gari hizi mnajua handbreki yake haina mti wa kuvuta, ni kitufe tu. Ukibonyeza, mota mbili ndogo zilizofungwa kwenye kalipa za nyuma (vile vyuma vinavyoshika pedi za breki) zinazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Basi.

Pedi za nyuma ziliisha. Nikapeleka gari gereji moja upande wa Kizota, anakotengenezea Noah yake rafiki yangu. Nikamuuliza kabisa fundi: "Braza, mashine ya kupimia unayo? Nasikia hizi lazima uiambie kompyuta kwanza irudishe mota nyuma, ndiyo ufungue pedi." Akacheka. "Mdogo wangu, mimi nafungua breki tangu unavaa kaptula. Kakae pale kivulini."

Nikakaa. Mjinga mimi.

Jamaa akachomoa soketi ya mota ya kulia, akavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri, akagusisha. Mota ikalia, ikarudi nyuma. Mpaka hapo sina neno, ila hakuachia. Ikafika mwisho, sauti ikabadilika, ikawa krrr, krrr, naye kashikilia tu, eti "iingie vizuri". Nikainuka kule kivulini, nikamwambia hiyo sauti siyo. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Kwa ambao hamjui: gari lenyewe likiendesha hiyo mota, kompyuta inaangalia umeme unaovutwa. Skrubu ikigota, umeme unapanda, kompyuta inakata. Nyaya za betri haziangalii kitu. Zinasukuma mpaka mota iungue au gia za plastiki zilizomo ndani zinyolewe meno. Zangu zilinyolewa. Nimeziona kwa macho yangu, laini kama kidevu cha mtoto.

Nikabonyeza kitufe, upande wa kushoto unabana, wa kulia kimya, taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Fundi bila aibu: "Kalipa imekufa. Gari za Kijerumani ndivyo zilivyo." Gharama laki saba na nusu: kalipa nzima, oili ya breki na kutoa hewa kwenye mirija ya breki. Nikamtumia laki tatu ya kuanzia kwa simu.

Wiki ya kwanza, "ipo kwenye basi". Ya pili, "ipo kwenye basi". Treni ya SGR inatoka Dar asubuhi, mchana watu wapo Dodoma wanakula, kalipa yangu inatembea kwa miguu? Muda wote huo geti langu lipo kwenye mteremko, kila nikiegesha nashuka na jiwe naweka nyuma ya tairi kama dereva wa lori Gairo. Kuacha gari kwenye P, ile gia ya kuegeshea, peke yake sikutaka. Hapo uzito wote unabebwa na kijino kimoja ndani ya giaboksi, na giaboksi ndiyo ingenimaliza kabisa.

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja Nkuhungu. Ana mashine. Kainua gari, katoa tairi, kafungua skrubu mbili, MBILI, mota hiyo mkononi. Hakuna hata tone la oili lililomwagika, kwa sababu mota imefungwa nje ya kalipa, haigusi mfumo wa oili. Hiyo habari ya kutoa hewa ilitoka wapi? Kalipa ilikuwa nzima! Mota ya mtumba laki moja na sitini, ufundi elfu arobaini. Akaweka na oringi mpya, kale kampira ka kuzibia, pale mota inapokaa, maana kwa vumbi letu hili, pakibaki upenyo umekwisha. Mwishoni akaunganisha mashine, mota zikabana na kuachia zenyewe mara kadhaa mpaka kompyuta ikajua pedi zilipo. Taa ikazima. Saa moja na nusu, tena nusu saa ilikuwa ya kutafuta skrubu iliyoangukia mchangani.

Kumpigia yule wa Kizota anirudishie changu, kwanza hela "imeshaagizia". Nikamwambia basi nipe kalipa niliyoilipia. Akageuka: nilimletea gari likiwa bovu tayari. Bovu, wakati nilifika pale handbreki inafanya kazi! Tangu jana hapokei simu.

Risiti sina, ujumbe wa muamala ninao. Aliyewahi kumdai fundi hapa Dodoma hela ikarudi, anieleze alianzia wapi, kwa mjumbe au polisi. Kesho saa mbili asubuhi nipo pale gereji na mota mbovu nimeifunga kwenye gazeti.